Mtwara hadi Dar kwa gari la umeme: jinsi ya kupanga chaji, vituo na usiku wa kulala

Maswali yanayoletwa na wenye magari ya umeme huku kusini ni yale yale. Litafika Dar? Chaji moja inanifikisha Kilwa? Likizima porini baada ya Mchinga nafanyaje?

Linafika. Lakini kwenye barabara hii kinachoamua safari ni soketi utakayoikuta pale unapolala, kuliko hata ukubwa wa betri. Gari la betri ya kilowati-saa 60 (yaani uniti 60 za Luku) likichomekwa kwa muda wa saa kumi kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, linaamka na umeme wa kilomita 120 tu. Gari hilo hilo kwenye soketi ya ampia 32 linaamka limejaa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu soketi, nyaya na mwenye gesti.

Panga safari kana kwamba hakuna chaja ya haraka hata moja kati ya Mtwara na Mbagala. Ukiikuta njiani, itumie, ila usiiweke kwenye hesabu.

Umbali wa kufanyia hesabu

Namba hizi ni za kukadiria. Soma dashibodi ya gari lako uzirekebishe.

- Mtwara hadi Mingoyo: km 85
- Mingoyo hadi Lindi mjini: km 25
- Lindi hadi Nangurukuru: km 165
- Nangurukuru hadi Somanga: km 40
- Somanga hadi Ikwiriri, kupitia Muhoro na Daraja la Mkapa: km 70
- Ikwiriri hadi Kibiti: km 30
- Kibiti hadi Dar: km 140

Jumla ni kama km 555. Kipande cha kukiheshimu ni Lindi–Nangurukuru. Ni kirefu, vijiji vimeachana, na ukivuka Mbwemkuru huna mji mkubwa wa kukimbilia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Chaja ya mkononi inayokuruhusu kuchagua ampia: 6, 8, 10, 13, 16, na ikiwezekana hadi 32. Hii ni ya lazima. Chaja yenye kiwango kimoja tu cha ampia itakukwamisha kwenye umeme dhaifu.
- Plagi za kubadilisha: ya pini tatu bapa ya kawaida yetu, na ya duara ya bluu ya viwandani ya ampia 32. Gari lililotoka Japani mara nyingi huja na waya wenye plagi ya huko. Mwambie fundi umeme akuwekee plagi inayofaa, na kwanza asome kibandiko kuhakikisha chaja inakubali volti 230.
- Eksitensheni ya mita 20 hadi 25, waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba) kwa uchache. Waya wa 4 ni bora zaidi. Zile nyembamba za kuchomekea TV na feni ziache nyumbani.
- Mita ya fundi ya kupima volti, na kijimita cha kuchomeka kinachohesabu uniti.
- Pampu ya tairi ya volti 12, kipimo cha upepo, vifaa vya kuziba pancha. Magari mengi ya umeme hayana tairi la akiba. Fungua buti uhakikishe lako.
- Kifaa cha kushtulia betri ndogo ya volti 12.
- Pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, kamba ya kuvutia, na ndoano ya kuvutia inayofungwa kwenye bampa. Ndoano hiyo hupotea sana kwenye magari yaliyotumika, kwa hiyo itafute leo.

Hatua

1. Jua betri yako imebaki na nini.
Namba ya kwenye tangazo la muuzaji ni ya gari jipya. Kwenye Nissan Leaf, tazama vibanzi 12 vidogo vilivyo pembeni ya kipimo cha chaji. Kibanzi cha kwanza hupotea betri ikiwa imeshuka kwa takriban asilimia 15. Kwa jibu kamili, tumia kifaa cha OBD2 cha bluetooth, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya simu ya LeafSpy, usome asilimia ya afya ya betri.

Kisha fanya hesabu hii: umeme wa betri mara afya yake, gawa kwa ulaji wa gari, halafu toa asilimia 15 ya akiba. Chukua Leaf ya kilowati-saa 40 yenye afya ya asilimia 85. Inabaki na karibu 33 za kutumia. Ikila 15.5 kwa kila km 100, inakwenda km 210. Toa akiba, panga km 180. Gari la 60 lenye betri nzima, likila 17, linakwenda kama km 340. Panga 290.

Leaf ya zamani ya 24 iliyochoka haifai kwa safari hii. Inatosha kwa mjini, Mikindani na Msijute, na hapo ni gari zuri kabisa.

2. Pima ulaji kwenye barabara yenyewe.
Nenda Mtwara–Mingoyo na kurudi, mzigo wote na abiria wote ndani, kiyoyozi kimewashwa, spidi 80. Andika ulaji ulioonyeshwa. Namba hiyo ni ya kuaminika kuliko makadirio ya kilomita zilizobaki, ambayo hufuata mwendo wako wa mwisho: ukitoka kuzunguka mjini polepole, yanakuahidi kilomita ambazo barabara kuu haitakupa.

Angalia pia upepo. Barabara hii inaelekea kaskazini kwa sehemu kubwa. Wakati wa kusi unasukumwa ukienda Dar na unapingwa ukirudi. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake. Upepo mkali wa mbele unaweza kuongeza ulaji kwa sehemu ya kumi au zaidi. Kwenye kipande cha km 165, hiyo ni sehemu kubwa ya akiba yako inayoondoka.

3. Gawa safari kwa kufuata soketi.

Gari la 40, soketi za kawaida tu: siku ya kwanza Mtwara–Lindi, lala. Siku ya pili Lindi–Nangurukuru, lala na ukae. Hapa utakuwa umetumia karibu kilowati-saa 26, na kwa ampia 10 zinahitaji saa 13 hivi kurudi. Siku ya tatu ondoka mchana hadi Ikwiriri au Kibiti, lala. Siku ya nne Dar. Ni siku nne. Kama huna muda huo, panda basi, maana kuifupisha kwa kukimbia kutakuacha njiani.

Gari la 40, soketi za ampia 32 na gari linalopokea kilowati 6 au zaidi: siku mbili. Chaji kwa saa tatu Lindi, lala Nangurukuru, chaji tena kwa saa tatu Ikwiriri wakati wa chakula cha mchana. Kumbuka Leaf nyingi za Japani hupokea kilowati 3 tu hata ukizipa soketi kubwa. Uliza kabla ya kununua.

Gari la 60, soketi ya ampia 32: Mtwara–Nangurukuru moja kwa moja, km 275. Utaingia na akiba ndogo, kwa hiyo saa moja ya kuchaji Lindi ni busara. Lala Nangurukuru, saa saba mpaka nane za ampia 32 zinajaza. Kesho yake Dar, ukisimama kwa saa moja au mbili Ikwiriri au Kibiti.

Kilwa Masoko ina malazi mazuri zaidi, lakini ni karibu km 30 kutoka Nangurukuru. Ukienda kulala huko, ongeza km 60 kwenye hesabu ya safari.

4. Piga simu siku moja kabla.
Usifike saa mbili usiku ukaanza kutafuta soketi. Ongea na mwenye gesti au msimamizi, si mhudumu wa zamu peke yake, na useme wazi: "Shikamoo mzee. Nina gari la umeme, naomba nichaji usiku kucha, nitanunua Luku mwenyewe. Inakula sawa na pasi mbili zikiwashwa kwa pamoja." Mfano wa pasi unaeleweka mara moja, na kwa ampia 10 ni wa kweli.

Uliza: maegesho yako umbali gani na soketi? Kuna soketi ya kiyoyozi au ya hita ya maji karibu na dirisha? Hiyo mara nyingi ina waya mnene na breka yake peke yake, na ndiyo ya kuombwa. Umeme umekatika mara ngapi wiki hii? Jenereta ikiwashwa inabeba vyumba vyote au taa tu?

Kama gesti hazifai, fikiria wenye mashine za kusaga, wachomeleaji na wakereza mbao. Wengi wana umeme wa fezi tatu. Ila usichaji wakati mchomeleaji anafanya kazi; volti zinapanda na kushuka kila akigusa chuma, na chaja itakata.

5. Kagua soketi kabla ya kuchomeka.
Hapa usiharakishe. Kwanza itazame: soketi iliyobadilika rangi, iliyoyeyuka pembeni au inayolegea plagi ikiingia, achana nayo. Kisha pima kwa mita:

- Fezi (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme): iwe kati ya volti 210 na 245.
- Fezi na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini): iwe karibu sawa na hiyo ya kwanza.
- Nyutro na ethi: iwe chini ya volti 5 hivi.

Kama fezi na ethi inasoma 90, au namba inayocheza, nyumba haina ethi inayofanya kazi. Chaja nzuri itakataa, na ina haki. Usikubali fundi "akusaidie" kwa kuunganisha nyutro na ethi ndani ya plagi. Nyutro ikikatika huko kwenye nguzo, bodi nzima ya gari inapata umeme, na mtoto atakayegusa mlango ndiye atakayeumia.

Kwenye fezi tatu, hatari kubwa ni kupewa fezi mbili badala ya fezi na nyutro. Hapo kuna volti 400, na chaja inaungua papo hapo. Pima mwenyewe hata kama fundi ameapa.

6. Anza na ampia ndogo.
Nyoosha eksitensheni yote. Ikibaki imejiviringisha inapata joto hadi kuyeyuka. Weka maungio juu ya tofali, mbali na maji. Anza na ampia 6, kisha 8, kisha 10. Kila ukipandisha, soma volti. Zikishuka kwa zaidi ya 12 kutoka pale ulipoanzia, nyaya ni nyembamba au kuna kiungo kimelegea. Rudi chini.

Baada ya nusu saa shika plagi. Ikiwa ya uvuguvugu, sawa. Ikiwa huwezi kuikamata kwa sekunde kumi, punguza ampia au hama soketi. Rudia baada ya saa moja ndipo ulale. Soketi ya pini tatu imeandikwa 13, lakini kuitumia kwa 13 usiku kucha ndiko kunakoziunguza, 10 inatosha.

7. Lipa kwa Luku, na lipa vizuri.
Kwa tarifu ya kawaida, Sh 10,000 inatoa uniti 28 hivi, yaani kama Sh 356 kwa uniti. Soma kijimita chako asubuhi, nunua uniti hizo kwa namba ya mita ya mwenyeji, na uongeze kidogo. Kwa gari linalokula 16 kwa km 100, safari nzima hadi Dar inachukua kama uniti 100 ukutani, ukihesabu zinazopotea wakati wa kuchaji. Hiyo ni karibu Sh 36,000. Gari la petroli la lita 8 kwa km 100 linataka zaidi ya lita 44 kwa njia hiyo hiyo. Unafuu huo unatosha kumfanya mwenye gesti afurahi kukuona tena.

Ukipita mara kwa mara, zungumza naye muweke soketi ya bluu ya ampia 32: waya wa 6 (wa 10 kama ni zaidi ya mita 25), breka yake peke yake, kikata-umeme cha usalama cha miliampia 30 ambacho mafundi hukiita RCD, na fimbo ya ethi iliyozama vizuri. Soketi moja ya namna hiyo Nangurukuru na nyingine Ikwiriri zinafupisha safari kuliko kuongeza betri.

8. Endesha kwa 75 hadi 80.
Kutoka 80 kwenda 100 ulaji hupanda kwa takriban robo. Kiyoyozi ukikiacha kikiwaka kwa kiasi hula kama kilowati moja. Kwa spidi 80 hiyo ni chini ya sehemu ya kumi. Kwa hiyo acha kiyoyozi, punguza mguu. Wengi hufanya kinyume: wanajitesa na joto la Mchinga huku wanakimbia 110.

Jaza tairi kulingana na kibandiko cha mlangoni, asubuhi kabla hazijapata moto. Malori ya saruji, korosho na makaa ya mawe yamejaa njiani; usimfuate dereva wa lori kwa karibu ili akukingie upepo. Breki zake hazikusubiri.

Katikati ya kila kipande, linganisha asilimia ya betri iliyotumika na asilimia ya njia uliyokwenda. Ikiwa betri imetangulia, shuka hadi 65 hapo hapo. Ukisubiri hadi taa ya njano iwake umeshachelewa.

Kuhusu masika

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hii maeneo ya Kilwa, na magari yalikwama pande zote mbili. Kati ya Desemba na Mei, uliza madereva wa mabasi kabla ya kuondoka, na usivuke Lindi kwenda kaskazini ukiwa na chaji isiyotosha kurudi. Foleni yenyewe haimalizi betri: gari likisimama na kiyoyozi hula kilowati moja hivi kwa saa, bila kiyoyozi karibu na sifuri.

Maji yakipita katikati ya gurudumu, usiingie. Betri imefungwa vizuri, lakini viungo na beringi za chini havikutengenezwa kuogelea. Gari lililozama kwenye maji ya chumvi lisichajiwe wala kuegeshwa karibu na nyumba hadi likaguliwe. Betri inaweza kushika moto siku kadhaa baadaye.

Wanaokwenda Newala au Masasi

Kupitia Mingoyo hadi Masasi ni km 200 hivi. Kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala ni kama km 210, na unapanda uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Kwa kupanda huko ongeza kilowati-saa 3 hadi 4. Ukishuka, gari linarudisha kama theluthi mbili, mradi betri haijajaa kabisa juu ya kilima. Iliyojaa haina pa kuweka umeme huo, na utabaki na breki za kawaida peke yake.

Mambo yakienda kombo

*Chaja inawasha taa nyekundu, haianzi.* Mara nyingi ni ethi. Pima tena kama hatua ya 5, jaribu soketi nyingine. Ikiwa ni jenereta ndogo, nyutro yake haijafungwa na ethi. Kuifunga kwenye jenereta yenyewe ni kazi ya fundi umeme, na ifanyike jenereta ikiwa haijaungwa na nyumba.

*Inaanza, inakata baada ya dakika chache.* Volti zinashuka. Punguza hadi 6. Jioni kati ya saa moja na saa nne umeme huwa dhaifu. Weka chaji ianze saa tano usiku.

*Umeme ulikatika, ukarudi, chaji haikuendelea.* Baadhi ya magari husubiri uchomoe na kuchomeka upya. Weka kengele ya simu uamke saa nane usiku ukague.

*Kipimo cha joto la betri kwenye Leaf kimepanda.* Leaf za matoleo mawili ya kwanza hazina mfumo wa kupoza betri. Egesha kivulini saa moja kabla ya kuchaji. Chaji ya polepole haiongezi joto la maana. Ya haraka mara mbili kwa siku ndiyo huleta shida.

*Gari haliwaki kabisa, na betri kubwa ina chaji.* Ni betri ndogo ya volti 12. Ishtue kama ya gari lolote. Lakini usitumie gari la umeme kumshtulia mwenzako.

*Taa ya kobe imewaka, nguvu zimepungua.* Toka barabarani mahali salama, pembetatu nyuma, hazadi. Ukiwa karibu na kijiji, ukipata soketi, saa mbili za ampia 10 zinakupa km 25. Jenereta ya inveta ya kilowati 3 pia inaweza, kwa takriban nusu lita ya petroli kwa kila uniti.

*Kuvutwa.* Gari la umeme lisiburutwe magurudumu yaliyounganishwa na mota yakizunguka chini. Mota inazalisha umeme na inaweza kuunguza mfumo. Leaf ina mota mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele yainuliwe, au gari lote lipande juu ya lori. Kamba ni ya kulitoa kwenye lami hadi pembeni tu, mita chache, gia ikiwa N. Mwambie dereva wa lori hivyo kabla hajafunga ndoano, na upatane naye bei ya kukufikisha kwenye soketi uliyoikagua, hata kama iko nyuma ulikotoka.